Mikanda Iliyofupika

Hakuna mji usio na mtu wa kunyoosha. Iko miji isiyo na daktari wa meno, iko isiyo na maktaba wala wakili, lakini rimu ya baiskeli ikipinda, au geti likigongwa na lori la mchanga, au kiti cha magurudumu cha mgonjwa kikianza kwenda upande kama kaa, watu watakuelekeza nyuma ya ukuta fulani bila hata kufikiri. Katika mji huu mtu huyo aliitwa Nyoosha. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu, na kitambulisho chenyewe alikuwa hajui alikiweka wapi.

Karakana yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya duka la vipuri. Ndani mlikuwa na fuawe iliyofungwa juu ya gogo, jiliwa la kubania vyuma lenye meno yaliyochakaa, mitungi ya gesi na bomba lake la moto, na rundo la vyuma vilivyosubiri zamu. Mtu mfupi, mabega mapana, miwani imefungwa kwa waya. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: hakuweza kukaa karibu na kitu kilichopinda. Siku alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe wa binti yake aliona meza inachechemea, akainama, akainyanyua na vikombe vya chai vikiwa juu yake. Mkewe, ambaye majirani walimwita Mama Nesi tangu binti yao apate kazi ya uuguzi, alisimulia kisa hicho kwa miaka, na kila akisimulia chai iliyomwagika iliongezeka.

Kazi yake ilikuwa na kanuni moja aliyoirithi kwa baba mkwe wake pamoja na fuawe. Moto kwanza, nyundo baadaye. Chuma baridi, alikuwa akisema, kina kiburi. Ukikipiga bila kukipasha kitakukubalia leo na kesho kitarudia upuuzi wake. Hakuwahi kunyoosha kitu bila moto, hata kijiko. Wateja waliofanya haraka waliambiwa waende kwingine, na kwa kuwa hapakuwa na kwingine, walisubiri.

Basi mkandarasi alipofika na mikanda ya chuma iliyoviringishwa kama utepe wa fundi cherehani, Nyoosha hakuona lolote la ajabu. Mkandarasi huyu alikuwa amepewa kazi ya kuimarisha boriti kubwa ya ukumbi wa kusubiria katika kituo cha afya, ukumbi ambao binti wa Nyoosha alikaa siku nzima akipima watu presha. Boriti ilikuwa na nyufa chini ya tumbo lake, na juu yake ilikuwa inakuja wodi mpya ya wazazi, vitanda, matangi ya maji na yote. Mikanda ilikuwa ya kufungwa chini ya boriti ile, kutoka kichwa mpaka mkia wake. Shida ni kwamba kila vibarua walipojaribu kuifungua ijiegemeze kwenye zege ilijiviringisha tena, na kibarua mmoja ilimchapa shavuni. Mkandarasi aliitoa kwenye makreti yake, akaipakia kwenye gari, akampelekea Nyoosha. Alisema anaitaka iwe sawa kama rula.

Nyoosha aliuliza ni ya nini. Akajibiwa, ya kufungia boriti. Hilo tu. Kisha akawasha moto.

Na hapa msomaji aliangalie jambo moja, kwa sababu baadaye watu walitaka lisahauliwe: mkandarasi hakuondoka. Alisimama uani, simu sikioni, akitazama moto ukipita juu ya mkanda mmoja baada ya mwingine mpaka chuma kikabadilika rangi. Alipiga hata picha. Alisema, "Mzee, wewe ni kiboko." Nyoosha aliona kitu kidogo wakati akifanya kazi ile, mkanda ulikuwa ukijikunyata chini ya koleo lake kama kitu chenye uhai, lakini alidhani ni ule ukaidi wa kuviringishwa unautoka. Akaupiga nyundo kwa upole, akaulaza. Jioni mikanda yote ilikuwa imelala uani imenyooka hata ukiitazama kwa jicho moja ungeona aibu kutafuta kosa. Aliipeleka mwenyewe kwenye gari, akaifunika turubai isije ikapata umande.

Asubuhi alitumiwa mtu aje kituo cha afya upesi.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wagonjwa kwenye mabenchi, akina mama na watoto, vibarua juu ya majukwaa ya mbao, na binti yake mezani pake na kile chombo cha kupimia presha. Mkandarasi alikuwa chini ya boriti ameshika ncha ya mkanda. Matundu yalikuwa yametobolewa kwenye zege tangu wiki iliyopita kulingana na matundu ya mikanda, na sasa hayakukutana. Upande mmoja ukifungwa, upande wa pili mkanda uliishia mapema, pungufu kama vidole vitatu. Mkanda wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wote hivyo.

"Mzee," mkandarasi alisema, na hakushusha sauti, "vipande umepeleka wapi?"

Nyoosha hakuelewa swali. Akaelezwa, mbele ya wote, kwamba chuma hiki kimetoka nje, ni cha thamani, na kwamba yeye alikata kipande kwenye kila mkanda akauze kwa watu wa chuma chakavu. Nyoosha alichukua ncha ya mkanda akaonyesha tundu la kiwandani liko palepale, duara, safi, na pembe za mkanda zimeviringwa kama zilivyokuja. Kama angekata, tundu lingeondoka na kipande. Hata mtoto angeliona hilo. Mkandarasi akacheka, akageukia vibarua, akasema mafundi wa mtaani wana mbinu zao, wanakata wanatoboa upya, usipime akili zao. Vibarua nao wakacheka, kwa sababu yeye ndiye aliyewalipa. Kicheko kikashuka mpaka kwenye mabenchi. Mtu mmoja aliyeshika tumbo kwa maumivu alicheka pia.

Nyoosha alimtazama binti yake. Binti alikuwa akifunga kile kitambaa cha presha kwenye mkono wa bibi mmoja, na hakuinua macho.

Alirudi karakana. Alipofika alifanya jambo ambalo lilimkasirisha kuliko yote: alianza kutafuta vipande. Alipindua rundo la vyuma, akapekua chini ya fuawe, akasukuma mitungi. Alijua hakukata kitu. Grenda yake ya kukatia ilikuwa imeungua mota tangu mwezi uliopita. Hata hivyo mikono ilitafuta, na alipokuta anatafuta alirusha nyundo ukutani mpaka mwenye duka la vipuri akachungulia kuuliza kuna nini.

Siku hiyo hiyo maneno yalishafika sokoni. Mteja wake wa miaka mingi, muuza mbao, alileta bawaba na kumwambia, "Fundi, ninyooshee, ila usinifupishie." Alikuwa akitania. Nyoosha alimrudishia bawaba yake ikiwa imepinda vilevile.

Mhandisi alikuja kesho yake. Alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake, buti zina zege kavu, aliyechora kazi ile ya boriti na kuagiza mikanda. Alikuwa safarini siku mikanda inanyooshwa. Alimsalimia shikamoo, akakataa kiti, kisha akauliza swali moja.

"Baba, uliipasha moto?"

"Yote," Nyoosha alisema. "Mimi sifanyi kazi ya ubabaishaji."

Mhandisi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa.  Mama Nesi aliyekuwa ameleta chakula cha mchana alidhani mgeni anaumwa, akampa maji.

Alipoinua kichwa alieleza, na alieleza vizuri, bila kujitukuza. Chuma kile si kama vingine. Kimechanganywa na madini mengine kwa namna ambayo kinashika kumbukumbu ya umbo lake. Kiwandani kilivutwa kikarefushwa, kikapelekwa hivyo hivyo kikiwa kirefu, lakini ndani yake kinakumbuka urefu wake wa zamani. Joto ndilo linalokiamsha. Kikiamka kinataka kurudi kuwa kifupi kama kilivyokuwa. Kwa hiyo unakifunga kwanza, ncha zote mbili, kwenye boriti, kwa bolti zisizolegea. Ukishamaliza ndipo unakipasha. Kinataka kufupika na hakiwezi, kimeshikwa kotekote, na nguvu ile yote inaishia kwenye zege. Kinaibana boriti, nyufa zinafumba, boriti inapata mgongo wa kubeba vitanda na matangi. Hakuna mashine ya kuvuta, hakuna jeki, ni chuma na moto tu.

"Sasa hii," alisema, "iliamka hapa uani kwako. Ikajivuta bila kushika kitu."

"Kwa hiyo sikukata," Nyoosha alisema.

"Hukukata, baba. Ilifupika yenyewe."

Nyoosha alisimama. Uso ulimfunguka kama mtu aliyetolewa mwiba. Alimgeukia mkewe amwonyeshe kwa mkono kwamba umesikia, umesikia anachosema Injinia, na mkewe akasema kwamba kumbe hata chuma kinakumbuka kilikotoka na wewe miwani iliyo usoni huikumbuki. Mhandisi hakucheka. Alisubiri wamalize.

"Ila umeiua," alisema. "Haitavuta tena. Sasa ni bati tu. Na kuirefusha upya kunahitaji mashine ambayo hapa haipo."

Furaha ile iliishi kiasi hicho. Nyoosha alikaa, akasimama tena. Akauliza nani alimwambia. Nani alimfungulia mdomo akasema, mzee, hii usiipashe? Mhandisi alisema alimwambia mkandarasi kwa kinywa chake, tena mara mbili, na kwenye makreti ulichorwa moto uliokatwa na mstari mwekundu. Makreti hayo Nyoosha hakuyaona. Aliletewa mikanda mitupu. Alikumbuka yule bwana amesimama palepale penye ndoo, simu sikioni, akipiga picha, akimwita kiboko. Bwana huyo aliyajua maneno ya Injinia, akatazama moto ukipita, akanyamaza. Au aliyasikia na hakuyatia akilini, jambo ambalo kwa Nyoosha halikuwa na nafuu yoyote. Kisha mikanda ilipopungua, badala ya kujiuliza, akatafuta mwizi. Mwizi alikuwa karibu, ana banda la mabati, hana wakili.

Jioni gari la mkandarasi lilisimama nje ya karakana. Safari hii alikuwa na sauti ya asali. "Mzee wangu," alianza, na Nyoosha aliyajua maneno hayo. Mtu akikuita wake ujue kuna anachotaka.

Alichotaka kilikuwa hivi. Injinia alikuwa amepeleka maneno kwenye kamati ya kituo, na siku ya ufunguzi ilikuwa imekaribia, mgeni rasmi ameshaalikwa, mabango yameshachapwa. Kuagiza mikanda mingine ni kusubiri meli. Kwa hiyo vibarua walikuwa wanatoboa matundu mapya na kufunga mikanda ileile. Wataipasha kidogo mbele ya kamati, watapaka rangi, basi. Mikanda iliyokufa na iliyo hai inafanana kama pacha. Kilichobaki ni Nyoosha kuiambia kamati kwamba aliitia joto dogo tu, joto la kushika kwa mkono, lisiloweza kuamsha kitu. Akisema hivyo, mkandarasi naye atasimama palepale ukumbini atangaze kwamba vipimo vilikosewa na vibarua wake, na kwamba fundi ni mtu safi. Tena mageti na vyuma vya ngazi za ghorofa mpya vyote vitaletwa hapa.

"Na boriti?" Nyoosha aliuliza.

"Boriti imesimama miaka yote hii. Itaanguka leo kwa sababu yako?"

"Sasa mikanda mliagiza ya nini, mapambo?"

Mkandarasi alicheka kana kwamba wao ni watu wawili wanaoelewana, akampiga begani, akaondoka. Na Nyoosha, ambaye hajawahi kukawia kumjibu mtu, alikuwa hajajibu. Ukweli usemwe: neno lile, mtu safi, lilimnata. Alilitaka. Alitaka lisemwe kwa sauti mbele ya mabenchi yale yale yaliyocheka.

Binti yake alipita nyumbani akitoka kazini, hajavua hata sare. Alikaa jikoni na mama yake, wakanong'ona, kisha akamfuata baba yake barazani. Alisema kwamba leo mama mmoja alipoitwa kupimwa aliacha mkoba kwa jirani yake, akasema kwa sauti kwamba hapa ni kwa mtoto wa yule fundi wa vipande. Nyoosha alimwambia avumilie. Binti alichezea kifungo.

"Baba, niambie mimi tu," alisema. "Ulikata?"

Watu husema maneno yanachoma. Hilo halikumchoma Nyoosha, lilimpoza. Hakufoka. Alimtazama mtoto aliyemlea kwa jasho la fuawe akaona kwamba naye alikuwa ameshapiga hesabu yake kimyakimya, akaona uwezekano. Alimweleza yote, polepole, mambo ya chuma kinachokumbuka, moto, makreti, na biashara aliyoletewa jioni ile. Binti alisikiliza mkono ukiwa mdomoni.

"Basi sema hivyo hivyo," alisema.

"Nikisema hivyo nimekiri kwamba nimeharibu kazi ya watu. Nani atanipa geti lake? Na nisipolipwa kwa neno la mkandarasi, mimi nitabaki mwizi na mharibifu, vyote viwili."

"Na usiposema?"

 Binti akasimama, akachukua mkoba wake.

"Meza yangu iko chini yake, baba," alisema, akaenda zake.

Kamati ilikaa katika chumba cha chanjo, kwa kuwa ukumbi ulikuwa kwenye ukarabati. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mwema aliyechoka, ambaye siku ya ufunguzi ilikuwa imemkaa kichwani kama mzigo anaotamani kuutua. Mhandisi alisema anavyoona yeye, mikanda imekufa. Akaulizwa kama anaweza kulionyesha hilo kwa macho. Akasema kwa macho hapana. Maabara inayoweza iko mbali. Mkandarasi akatanua mikono, akasema basi fundi mwenyewe yupo, aulizwe.

Nyoosha alisimama. Alisema aliichoma. Si kuipasha, kuichoma, kila mmoja kutoka kichwa mpaka mkia, mpaka ikabadilika rangi, na bwana huyu alikuwa amesimama pale na simu yake. Kama imekufa, aliyeiua ni yeye Nyoosha kwa mkono wake na aliyemletea ni huyu. Alipomaliza alikaa, na alitazamia dhoruba.

Haikuja. Mkandarasi alitikisa kichwa kwa huruma. Alisema mzee ana uchungu kwa maneno yaliyotamkwa juzi, na ni haki yake, hata yeye angekuwa na uchungu. Sasa anataka kuiangusha kazi nzima ili amkomoe mtu mmoja. Alisema tumheshimu, lakini tusiyabebe ya hasira. Wajumbe wakatikisa vichwa pamoja naye. Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba mzee apumzike.

Fikiria jambo hilo. Mtu aliposema hakuiba hakuaminiwa. Aliposema ameharibu, hilo nalo hakuaminiwa. Katika maisha yake Nyoosha alikuwa amewahi kudhulumiwa kama watu wengine, amewahi kuchukuliwa mali na kupangwa mwisho kwenye foleni, lakini hajawahi kunyang'anywa hata kosa lake mwenyewe.  

Mhandisi ndiye aliyeokoa siku. Alisema kuna mkanda mmoja wa akiba ambao haukutoka stoo, bado umeviringishwa ndani ya kreti yake. Na ile ya fundi ipo tele. Hatuhitaji maabara kujua kama kitu kinavuta au hakivuti. Tutafute maboriti mawili ya mbao yanayofanana, kila moja lifungwe mkanda wake kwa chini, ncha zote, kisha tupashe, tutazame. Mkandarasi alisema hakuna muda. Mwenyekiti, labda kwa kuchoka, labda kwa kuwa alikuwa mwalimu na hakuna mwalimu anayeweza kukataa jaribio, alisema muda uko.

Walikwenda karakana kwa miguu, na kila waliyempita aliwafuata. Muuza mbao alileta mbao mbili nzito za urefu mmoja, za mti mmoja. Nyoosha alifunga mikanda kwa mkono wake mwenyewe. Ule wa akiba ulikuwa bado na ukaidi wa kuviringishwa, ukahitaji wanaume wa kuukandamiza, na mikono yake ilimwasha kuupasha. Injinia alimtazama tu, naye Nyoosha akaelewa, akautia bolti ukiwa baridi na kiburi chake chote. Mikanda ikakazwa sawasawa, ncha na katikati, ishikamane na ubao. Chini ya kila ubao wakavuta uzi kutoka ncha hadi ncha, umegusa mkanda. Kisha Nyoosha akampa mhandisi bomba la moto, akasogea nyuma, akafunga mikono mgongoni, kwa sababu hakutaka mtu aseme baadaye kwamba ni yeye.

Mhandisi alianza na mkanda wa Nyoosha. Moto ukapita, ukarudi, ukapita. Chuma kikatoa moshi kidogo wa mafuta. Ubao haukusema neno. Uzi ulibaki umegusa mkanda kama ulivyowekwa. Wakasubiri upoe, bado vile vile. Mtu nyuma akapiga mwayo kwa makusudi na watu wakacheka.

Kisha ule wa akiba. Moto haujafika nusu ya safari yake ubao ulipotoa mlio, mlio wa mti unaolazimishwa, na watu wa mbele wakarudi nyuma wakakanyagana. Bolti ziling'ata. Mkandarasi aliacha kutazama simu. Moto ulipokwisha wakadhani ndiyo basi, kumbe kadiri chuma kilivyokuwa kikipoa ndivyo kilivyozidi kuvuta, na katikati ya ubao ilinyanyuka taratibu mpaka kati ya mkanda na uzi pakaingia mkono wa mtu. Muuza mbao aliuingiza wake, akautoa, akautazama. Ubao mnene ule umepinda kama upinde wa mwindaji, na hakuna aliyeugusa.

Nyoosha aliutazama. Kitu kimepinda kiasi kile, uani kwake, na hakutamani kukinyoosha.

"Kwa hiyo ni kweli mzee kaiua," sauti ilisema kutoka nyuma. Mwingine akajibu kwamba kaiua yote, ukoo mzima. Walicheka tena. Kilikuwa kicheko kilekile, ila sasa kilikuwa na ukweli ndani, na Nyoosha alisimama akakipokea bila kuinamisha kichwa. Alipotazama pembeni alimwona binti yake, ametoroka kazini na sare yake, anamtazama yeye wala si ubao.

Mwenyekiti alisema ufunguzi umeahirishwa. Mikanda iliyokwisha kufungwa ishushwe, boriti itegemezwe kwa nguzo za muda, mkandarasi alete mikanda mingine na Injinia awepo mwenyewe toka kreti inapofunguliwa. Kuhusu vipande vilivyoibwa hakusema kitu. Alisahau. Wote walisahau, walikuwa wakizungumza juu ya mabango na mgeni rasmi.

Mkandarasi alikuwa ameshaingia garini. Nyoosha alikwenda akasimama mbele ya boneti.

"Mzee, si yamekwisha?" mkandarasi alisema dirishani. "Imeonekana hukukata."

"Imeonekana. Haijasemwa."

"Haya, tusameheane basi. Sisi wote watu wazima."

"Mimi nimekukosea nini hata unisamehe? Langu nimelisema mbele ya watu. Nawe sema lako."

Mkandarasi alitazama kushoto na kulia. Alisema kitu ndani ya shati lake, pole, au labda haya.

"Siku ile ulikuwa na sauti," Nyoosha alisema.

Kioo kilipanda. Gari likarudi kinyumenyume mpaka barabarani, likageuka, likaenda.

Vibarua walisimamisha nguzo jioni ile, kisha hawakuonekana kesho yake, wala kesho kutwa. Mkandarasi alikuwa na kazi nyingine mahali pengine na aliwapeleka huko. Mikanda ikabaki chini ya boriti, imepakwa rangi mpya, inang'aa, haifanyi lolote. Nyoosha alivumilia kuiona kwa muda anaoweza kuvumilia mtu kama yeye. Kisha akachukua spana na ngazi akaenda, bila kuitwa. Mama Nesi alimwambia kwamba hakuna atakayemlipa kwa hilo, naye akasema anajua, akamwambia pia amtafutie miwani.

Ukumbi ulikuwa umefungwa kwa kamba, nguzo za mbao zimesimama kama msitu, na wagonjwa walikuwa nje chini ya turubai, juani, wakigombania kivuli. Meza ya binti yake ilikuwa imehamishiwa kwenye ujia. Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango, miguu imevimba, alimwona akipandisha ngazi.

"Wewe ndiye fundi aliyetuchelewesha?"

"Ndiye."

"Tungekuwa ndani saa hizi. Kwenye feni."

"Mngekuwa ndani," Nyoosha alisema. "Nilalamikie mimi, mama. Nipo."

Akapanda. Bibi naye hakuwa mtu wa kukataa mwaliko. Alimlalamikia jua, foleni, dawa zisizokuwepo na miguu yake, na mafundi wa siku hizi kwa jumla, na Nyoosha alimjibu ndiyo mama, kweli mama, akifungua bolti moja moja, akiishusha mikanda kwa kamba ili isimwangukie mtu, mpaka boriti ikabaki tupu na nyufa zake zote wazi, kila apitaye azione.